Kifuniko Kilichopinda

Kufuli ya Kaleli ilikuwa kubwa kuliko ya Aoko, na ilikuwa imening'inia juu yake mlangoni bila haya. Kaleli mwenyewe alikuwa papo hapo uani, ameketi juu ya ndoo, anatafuna mahindi ya kuchoma. Yeye ndiye aliyeisimamia ploti ile ya Ruiru kwa niaba ya mwenye nyumba, na wapangaji walikuwa wakisema kwamba lau Kaleli angekuwa ndiye mwenye nyumba, hata hewa ya uani ingelipiwa.

Aoko alikuwa anatoka kufulia watu nguo Membley. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji na sabuni, na mkononi alikuwa na fungu la sukuma wiki ambalo sasa hakuwa na pa kulipikia. Binti yake Apiyo na mdogo wake walikuwa wamekaa kwenye kizingiti na sare zao za shule. Mumewe, Jeconia, alikuwa amesimama karibu na bomba akijifanya anasoma kitu kwenye simu. Tangu kiwanda alichofanyia kazi Thika kipunguze watu, Jeconia alikuwa amejifunza namna nyingi za kujifanya ana shughuli.

"Kaleli, si tuliongea mambo ya kodi?" Aoko alisema.

"Tuliongea, mama. Lakini maneno haiingii kwa simu ya landlord."

"Basi fungua watoto watoe tu vitabu."

"Nikifungua nitamwambia nini? Ati nilihurumia? Huyo mzee hiyo lugha haelewi."

Wapangaji waliokuwa wakienda kuteka maji walipunguza mwendo ili wasikie vizuri. Hakuna aibu inayokosa watazamaji. Ndipo mlango wa pili ukafunguka na Dorine akatokeza, leso kiunoni, mwiko mkononi. Hakumtazama Kaleli, wala hakuuliza kisa.

"Apiyo, shika ndugu yako mkuje ndani. Maxine anatengeneza chai." Kisha akamgeukia Aoko. "Mama Apiyo, ingia. Mlango yangu bado haina kiburi."

Ndivyo watu wanne walivyohamia katika chumba cha watu wawili. Dorine alikuwa mjane. Mumewe alifariki wakati wa korona, akamwachia binti mmoja, Maxine, aliyekuwa ametumwa nyumbani kutoka kidato cha tatu kwa sababu ya karo na hakuwa amerudi. Shida zake hazikupungua kwa kupokea wageni. Alitandika magodoro, akachota ugali mkubwa zaidi, akafanya kama kwamba chumba kiliongezeka upana.

* * *

Jumamosi hiyo akina mama saba wa ushirika wa kanisa walikutana kwa Mama Shiko, Membley. Mama Shiko alikuwa mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya ghorofa na moyo usiolingana na lango lake. Karibu wote walioketi kwenye makochi yake walikuwa wamewahi kumfulia nguo, na kila mmoja aliketi pembeni mwa kochi, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine anakuja kukalia nafasi iliyobaki.

Baada ya wimbo na sala alisafisha koo.

"Atĩrĩrĩ, sikieni wamama. Kuna shule ya wasichana huko Thika, mimi niko kwa bodi. Wanatafuta mpishi. Kazi ya kudumu. Kuna nyumba ndani ya shule, na mtoto msichana wa mfanyakazi akifika sekondari anasoma hapo bila karo. Wameniambia nilete mtu mmoja ninayemwamini. Na mimi ninawaamini nyote. Sasa nifanye nini?"

Kila mama alianza kuhesabu shida zake kimoyomoyo na kuzilinganisha na za jirani. Mmoja alisema Mama Maxine ni mjane. Mwingine akasema Mama Apiyo amefungiwa nyumba. Wa tatu akakumbusha kwamba yeye pia ana mgongo mbaya.

"Hapana," Mama Shiko alisema. "Nikiweka shida zenu kwa kilo, nitakosea. Macho yangu ni ya binadamu. Mitume walipotafuta mtu wa kukalia kiti cha Yuda walifanya nini? Waliomba, halafu wakapiga kura. Na sisi tufanye hivyo Jumamosi ijayo. Yule anayejua ni Mungu."

Wote wakaitika amina. Kura haikuwa jambo geni kwao. Kila mwaka ndivyo walivyopanga zamu za kukaribisha ushirika: vifuniko vya soda, alama ndani kwa kalamu, vyote katika mfuko mwekundu wa sadaka wenye mdomo mwembamba, na mkono unaingia bila jicho. Mtayarishaji alikuwa mmoja, Aoko, mtunza mfuko. Walimchagua kwa sababu alikuwa mwangalifu. Alikuwa akitafuta vifuniko vya rangi moja dukani kwa Adan, akavisugua kwa sabuni, na kilichopindwa na kifungua-chupa alikitupa, ili mtu asije akasema kura ilikuwa na hila.

* * *

Wiki ile Aoko alisikia mengi ambayo mgeni katika chumba cha mtu hawezi kukwepa kusikia. Alimsikia Maxine akimuuliza mamake kama atarudi shule, na Dorine akijibu, "Tungoje Jumamosi." Alimsikia Jeconia akikohoa nje ili asionekane analia. Na asubuhi moja, pazia likiwa katikati yao, alimsikia Dorine akisali.

"Baba, kama ni yangu, nipe. Kama ni ya Mama Apiyo, mpe. Mimi sijui. Wewe unajua."

Sala yenyewe iliishia hapo. Dorine akainuka akawasha stovu ya mafuta ya taa. Lakini Aoko alibaki amekodoa macho, na badala ya kuguswa, aliingiwa na hofu. Mtu anayesali namna ile anaweza kupewa! Yeye mwenyewe alikuwa amesali wiki nzima, lakini sala zake zilikuwa kama kesi ya mahakamani: alikuwa akimpa Mungu ushahidi, sababu, na hata hukumu yenyewe.

Alasiri ya Ijumaa, Dorine akiwa kazini na watoto hawajarudi, Aoko aliketi kwenye kitanda cha Dorine akavimwaga vifuniko saba kwenye leso ya Dorine. Akachora msalaba mdogo ndani ya kimoja. Akakishika. Sasa akili yake ikaanza kumhubiria, na akili ikishika mimbari huwa haina amina ya mwisho. Nani aliyemfanya mtunza mfuko? Si Mungu? Nani aliyemjalia vidole vya kutambua kitambaa chema na kibovu gizani? Dorine ana chumba, yeye hana. Dorine ana mtoto mmoja. Yeye ana wawili na mume asiye na kazi. Mungu humsaidia anayejisaidia. Akili ni mali.

Akakiweka kifuniko chenye msalaba kwenye jino la nyuma, akauma. Ukingo ukaingia ndani kidogo tu. Jicho lisingeona, lakini kidole kingejua. Akavitia vyote mfukoni, akaitandika leso ya Dorine vizuri kuliko alivyoikuta.

* * *

Mama Shiko aliomba kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili, ili pasiwe na wa kusema hakushirikishwa. Kisha mfuko ukaanza kuzunguka, kuanzia kwa mkubwa wa umri kushuka. Kila mmoja alitakiwa kuchukua kifuniko na kukifumbata, hadi wote wachukue, ndipo wafumbue pamoja.

Wa kwanza alichukua. Wa pili akachukua. Aoko alikuwa akitazama vidole vya watu kama mama anayemtazama mtoto karibu na jiko. Wa tatu alikuwa Dorine, na mkono wa Dorine ulipoingia mfukoni ulikawia. Ukakawia tena. Uso wake ukabadilika kidogo, macho akayainua yakakutana na ya Aoko.

"Mama Maxine," Mama Shiko akatania, "unatafuta sadaka yako ya mwaka jana?"

Wakacheka. Dorine naye akacheka, akautoa mkono, ngumi imefumbwa. Zamu ikawa ya Aoko. Aliingiza mkono akiwa karibu kulia, akidhani kwamba amechelewa, na kidole cha kwanza kikagusa ukingo uliopinda. Kilikuwa bado kipo! Akakitwaa upesi mno.

Walipofumbua viganja, msalaba ulikuwa kwake. Chumba kizima kikapiga vigelegele. Na aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia, hata kumwinua kidogo kutoka chini, alikuwa Dorine.

"Mungu amesema," Dorine alimwambia sikioni. "Mungu amesema, Mama Apiyo."

Kama angemtukana ingekuwa afadhali.

* * *

Nyumba ya shule kule Thika ilikuwa na vyumba viwili, sinki, na mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mmoja. Jeconia alipata vibarua vya kufyeka nyasi humo humo shuleni, na mabega yake yakarudi mahali pake. Jumapili ya kwanza alisimama kanisani akatoa ushuhuda. "Mungu si Athumani," alisema, na watu wakacheka na kupiga makofi. "Mimi nilikuwa nimekata tamaa. Lakini mke wangu aliingiza mkono kwa mfuko, na Mungu akauongoza huo mkono." Aoko alikuwa akitazama viatu vyake.

Kazini hakuwa na kosa. Alipika maharagwe ya mamia ya wasichana, akavaa aproni ya buluu ambayo Dorine alimpa siku ya kuhama. "Nilikuwa nayo nikipika hoteli," Dorine alisema. "Mimi sina jiko kubwa ya kuivalia." Ile nafasi ya msichana kusoma bure ilikaa tu, kwani Apiyo alikuwa bado mdogo. Aoko alijaribu kumuulizia Maxine. Mama wa ofisini akamjibu bila kuinua kichwa kwamba nafasi ni ya mtoto wa mfanyakazi, na Maxine ni mtoto wa nani hapa? Aoko akarudi jikoni.

Aliacha kwenda Jumamosi za ushirika. Kwanza alisingizia zamu, kisha mafua. Mfuko mwekundu ulibaki kwake, juu ya kabati, maana hakuna aliyedhani kwamba ungehitaji mtunzaji mwingine. Jumapili moja mhubiri, katika mahubiri yake, alifika kwenye karamu ile ya mwisho ya Yesu, akapitia jina la Yuda, akaongeza kama jambo dogo tu, "Na msisahau, yeye ndiye aliyekuwa akishika mfuko." Jeconia akamgusa kiwiko akitabasamu, kwa utani wa mume na mke. Aoko alitoka nje akasema mtoto amebanwa na mkojo.

* * *

Mwisho wa mwezi Jeconia akashikilia kwamba lazima washerehekee. Alikuwa ameona aibu muda mrefu mno, na sasa alitaka aonekane akila nyama. Akawapeleka Kamakis, kwenye mojawapo ya zile nyumba za nyama choma kando ya barabara, akachagua meza ya mbele, akaagiza mbavu kwa sauti.

Wakati wa kunawa, msichana akaja na birika la maji ya uvuguvugu na beseni. Alikuwa amevaa fulana ya hoteli iliyomzidi, na jasho lilikuwa limembandika nywele kwenye paji la uso. Meza ya pili wanaume walevi walikuwa wakimwita kwa kumpigia mluzi.

"Maxine!" Apiyo akapiga kelele kwa furaha.

"Apiyo! Umekuwa mkubwa, woiye. Karibuni. Mama Apiyo, habari ya Thika?"

"Ni mzuri," Aoko alisema. "Uko hapa... likizo?"

"Hapana. Ni kazi tu." Maxine akainamisha birika. "Lete mikono."

Aoko akainyoosha mikono yake juu ya beseni. Maji yakamwagika, na msichana yule, ambaye muhula huu angekuwa darasani huko huko shuleni ambako yeye alikuwa akipika, alisubiri kwa adabu amalize kujisugua. Aoko alisugua mno. Jeconia akasema kwa utani kwamba nyama itapoa, na Maxine akacheka, mluzi ukalia tena, akaenda.

"Hujala," Jeconia alimwambia baadaye, akiitazama sahani yake.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujaweka kitu mdomoni?"

* * *

Siku ya mapumziko iliyofuata alipanda gari kwenda Ruiru, na debe la maharagwe kama zawadi, maana alishindwa kwenda mikono mitupu. Kaleli alimpokea langoni kwa "Habari mathe, siku mingi," kama vile hajawahi kumfungia mlango. Mwenye kazi ya kudumu hupokewa hivyo.

Dorine alikuwa amekaa chini, ungo mapajani. Alifurahi waziwazi. Aliinuka, akamkumbatia, akachukua yale maharagwe akaanza kuyachambua hapo hapo. Waliongea juu ya bei ya mafuta, juu ya yule mama mwenye mgongo mbaya, juu ya Maxine. "Atarudi shule Mungu akipenda," Dorine alisema. "Wacha kwanza afanye kazi." Halafu mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Mama Apiyo, vizuri umekuja. Nimekuwa na kitu inanisumbua roho. Nilitaka nikuje Thika nikuambie, nikakosa nguvu."

"Kitu gani?"

"Siku ile ya kura. Unakumbuka nilikawia kwa mfuko?"

Aoko alikumbuka. Hakuwa ameisahau hata siku moja.

"Niligusa kifuniko kimoja imepinda. Zingine zote zilikuwa laini. Na mimi nakujua wewe, zenye zimepinda huwa unatupa. Nikajua hiyo si ya bure. Hiyo ndio ina msalaba." Dorine alikuwa akiongea na maharagwe. "Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria umenipindia mimi. Nikasema, Aoko ameona nimewaweka kwa nyumba, amenihurumia, ameniwekea alama ndio niijue. Nikaishika. Kweli ya Mungu, niliishika. Nikaona Maxine na yunifomu."

"Dorine..."

"Ngoja nimalize. Halafu nikasema, hapana. Nilimwambia Mungu apeane yeye. Sasa nikichukua hii, si nitakuwa nimemnyang'anya mkononi? Nikaiachilia, nikachukua ingine. Halafu wewe ukaingiza mkono, haraka tu, bila kutafuta, na ikakuja! Nikaona aibu sana. Kumbe ilikuwa imepindwa na opener tu, ikakupita macho. Mungu alikuwa amekuchagua zamani, na mimi hapo nakufikiria ati wewe ni mtu wa kudanganya kura. Rafiki yangu." Akayafuta macho kwa ukingo wa leso. "Nimekuwa nikikufikiria na aproni yangu nasema, huyu nilimkosea. Nisamehe. Tafadhali niombee."

Akamshika mikono, akafumba macho, akainamisha kichwa, akangoja kuombewa.

Aoko alifungua mdomo. Maneno ya sala aliyajua tangu utotoni na yangeweza kuja yenyewe; wangesema amina pamoja, wakanywa chai, na jambo likazikwa kwa heshima zote. Alimtazama Dorine alivyofumba macho kwa kumwamini, na akaona kwamba kama atasali sala ile hatasali tena kamwe.

"Nilikipinda mimi," alisema. "Kwa jino. Hapo kwa kitanda chako."

Dorine hakufumbua macho mara moja. "Ulinipindia?"

"Nilijipindia."

Uani mtu alikuwa akijaza mtungi, na walisikia maji yakipanda hadi yakamwagika. Dorine aliirudisha mikono yake kwenye ungo. Alichukua harage moja bovu, akalitazama, akaliweka kando. Aoko alikuwa akingoja atukanwe, afukuzwe, apigwe hata na ule ungo. Alikuwa ameshaanza kutamani.

"Ungeniambia tu," Dorine alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ungesema, Dorine, nimelemewa, niachie hii. Ningekuachia."

Aoko alilia wakati huo, kilio cha kelele kisicho na adabu ya mtu mzima, maana alijua kwamba ni kweli. Hakumwamini Mungu kumpa, wala rafiki kumwachia. Alikuwa ameliamini jino lake tu.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza mwishowe. "Niambie nifanye nini."

"Mimi sijui," Dorine alisema, na akaendelea kuchambua maharagwe. "Unaniuliza mimi?"

* * *

Kutoka kwa Dorine alitembea kwa miguu hadi Membley kwa Mama Shiko. Njiani akili yake haikukosa mashauri. Ilimwambia angoje mwisho wa mwezi. Ilimkumbusha mlango wenye ufunguo mmoja, na mabega ya Jeconia. Ilimwambia kwamba kazi akiiacha si lazima apewe Dorine, huenda ikaenda kwa mwingine kabisa, na hapo faida itakuwa ya nani? Yote yalikuwa na maana. Aliyasikiliza yote, akaendelea kutembea. Hakujua Mama Shiko atasema nini, wala watoto watalala wapi mwezi ujao. Tangu siku ya kufuli hakuwa amewahi kukubali kutojua.

Askari wa lango la Mama Shiko alikuwa mgeni, kijana asiyemfahamu. Alimtazama kutoka kiatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Umekuja kufua? Leo hawafui."

"Sikuja kufua. Nataka kumuona Mama Shiko."

"Nimwambie ni nani?"

Aoko alifikiria jina lake, kisha jina la mtoto wake, kisha lile la mpishi la kazini kwake, na hakuona lolote kati ya hayo linalotosha kusimama nalo pale.

"Mwambie," alisema, "ni yule wa kushika mfuko."